Nani Kashika Daftari?

Mwaka 1855, katika jimbo la Kentucky huko Marekani, mhubiri mmoja aliyepinga utumwa alianzisha shule ndogo kwenye ardhi aliyopewa na bwana mmoja aliyeitwa Cassius Marcellus Clay, jina ambalo bondia Muhammad Ali alikuja kuzaliwa nalo na baadaye akalikataa. Mhubiri mwenyewe aliitwa John Gregg Fee. Jina hilo la ukoo, kwa Kiingereza, maana yake ni ada. Shule ilikua ikawa Chuo cha Berea, na tangu 1892 Chuo cha Berea hakimtozi mwanafunzi ada hata senti moja. Bwana Ada kaanzisha chuo kisicho na ada. Mungu naye ana utani wake.

Badala ya ada kuna kazi. Kila mwanafunzi wa Berea anafanya kazi zisizopungua saa 10 kwa wiki, masomo yakiendelea. Kuna wanaopika, wanaopokea simu ofisini, wanaolima, wanaokwenda shule za vijiji vya jirani kuwasaidia watoto kusoma. Wapo pia wanaofunga mafagio, na karakana yao ina zaidi ya miaka 100. Kuna aina ya mtama unaopandwa kwa ajili ya nyuzi ndefu za suke lake, punje haina maana. Mwanafunzi anazipanga nyuzi zile kuzunguka mpini, anazikaza kwa waya, anazibana ziwe bapa, anazishona kwa uzi mnene mistari kadhaa, kisha anakata ncha zilingane. Fagio linakwenda dukani. Mfungaji analipwa ujira mdogo kwa saa, na msimamizi wake anamwandikia tathmini ya kazi kama mwalimu wa hisabati anavyompa alama.

Mzazi wa Dodoma au Mombasa akifika hapa anaanza kupiga hesabu: mwanangu naye anajua kufagia. Tusiharakishe. Mafagio ya Berea hayalipi ada ya mtu. Hata wanafunzi wote wangefunga mafagio usiku na mchana, wasingefikia mishahara ya maprofesa wao. Kinacholipa ni mfuko wa chuo uliowekezwa kwa vizazi kadhaa, ambao leo una zaidi ya dola bilioni 1. Saa 10 za kila wiki zinanunua kitu kingine: mwanafunzi maskini hatembei chuoni kama mfadhiliwa. Anatembea kama mtu aliyeajiriwa, mwenye zamu, mwenye bosi wa kumlalamikia. Na kwa kuwa wote wanafanya kazi, hakuna anayetambulika kwa ufagio kwamba kwao hawana kitu. Sheria ni moja kwa wote, na saa zimeandikwa.

Naanza na Kentucky kwa sababu si mbali na Waswahili kama ramani inavyodai. Chini ya saa moja kwa gari kaskazini mwa Berea kuna mji wa Lexington, ambako familia nyingi za Kikongo zimehamishiwa kama wakimbizi, na Kiswahili kinasikika kwenye vituo vya basi na korido za shule. Mtoto aliyezaliwa kambini na kumaliza sekondari Lexington anakutana na swali lilelile analokutana nalo mwenzake wa Kigoma: chuo nimepata, nani analipa? Majibu ya nchi hizi mbili ndiyo ninayotaka kuyaweka mezani. Mimi naona jambo moja huamua kama mpango wa kulipia masomo kwa utumishi utakuwa wa heshima au wa manung'uniko: nani anashika daftari la saa, na bei ya saa imeandikwa wapi.

Wamarekani wameandika bei hiyo mara nyingi. Ya kwanza kubwa ilikuwa ya kijeshi. Sheria ya 1944 iliwalipia chuo askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili, na zaidi ya milioni 2 wakaingia vyuoni kwa mlango huo, ingawa kwa askari weusi wa majimbo ya Kusini mlango ulikuwa mwembamba mno. Babu wa King's African Rifles aliyerudi Tanganyika au Kenya kutoka Burma baada ya vita hiyohiyo alipewa kiinua mgongo kidogo na koti. Koti lilidumu kuliko fedha.

Ya kiraia ilikuja 1993, Rais Bill Clinton alipotia saini sheria iliyoanzisha AmeriCorps. Anayejiunga kwa muda kamili anatumikia saa 1,700, karibu mwaka mzima. Anafundisha watoto waliobaki nyuma darasani, anajenga upya nyumba zilizobomolewa na kimbunga, anahudumia wazee, anafyeka njia za hifadhini. Kwa mwaka huo anapewa posho ya kujikimu, ndogo kiasi kwamba baadhi yao huomba msaada wa chakula wa serikali ileile wanayoitumikia. Akimaliza, anapata tuzo ya elimu inayolingana na kiwango cha juu cha ruzuku ya Pell, ambayo serikali huwapa wanafunzi wasio na uwezo. Kwa miaka ya karibuni kiwango hicho ni dola 7,395.

Gawanya dola hizo kwa saa 1,700. Unapata dola 4 na senti 35 kwa saa. Fedha haipiti mkononi mwa kijana. Inakwenda chuoni moja kwa moja, au kwa aliyemkopesha. Ada ya mwaka mmoja katika chuo cha umma cha jimboni kwake ni, kwa wastani, zaidi ya dola 11,000, kwa hiyo mwaka wa jasho haununui mwaka wa darasa. Na ule mwaka anaoitumia tuzo anatozwa kodi ya mapato, maana mamlaka ya kodi ya Marekani huona hata fedha isiyopita mfukoni.

Ni bei ya chini. Lakini ni bei. Kijana anaijua kabla ya kuvua viatu. Anajua tuzo itakufa baada ya miaka 7 asipoitumia. Anajua kwamba asipotimiza saa, asitegemee tuzo nzima. Mkimbizi wa Uvira mwenye ukaazi wa kudumu anaingia sawa na mzaliwa wa Boston. Na kuna kifungu kimoja ninachokipenda kuliko vyote: mwenye umri wa miaka 55 na kuendelea anaweza kutumikia yeye, kisha tuzo akamhamishia mwanawe au mjukuu. Bibi anawasomea watoto hadithi maktaba, mjukuu anasomea uuguzi. Sisi ambao bibi zetu wamelipa ada kwa vitumbua na maandazi tangu enzi na enzi tunaielewa sheria hii bila mwanasheria, ila bibi zetu hawakuwahi kupewa cheti.

Bei iliyoandikwa inaweza kufutwa, hilo pia tuseme. Aprili 2025 serikali ya Rais Donald Trump ilikatisha ruzuku za AmeriCorps za takriban dola milioni 400, na maelfu ya watu wakaambiwa waache kazi katikati ya mwaka wao wa utumishi. Majimbo yakaenda mahakamani, na baadhi ya ruzuku zikaamriwa zirudishwe. Aliyekuwa na saa 900 kwenye daftari alikuwa na kitu cha kumwonyesha hakimu. Aliyetumikia kwa ahadi ya mdomo angekuwa na masikitiko tu.

Lakini daftari nalo lina hila zake, na hapa Marekani inatupa somo lenye uchungu zaidi. Mwaka 2007 Bunge lao lilipitisha mpango wa kufuta mikopo ya wanafunzi kwa wanaofanya kazi za umma. Masharti yalionekana mepesi: fanya kazi serikalini au kwenye taasisi isiyotafuta faida, lipa marejesho 120 ya mwezi, yaani miaka 10, na salio linafutwa. Walimu, wauguzi na mawakili wa watu maskini wakajipanga. Wengi walikataa mishahara minono wakihesabu miezi kama mfungwa anavyohesabu siku ukutani. Mwaka 2017 wa kwanza wakafika mstari wa mwisho. Hadi katikati ya 2018 watu wapatao 28,000 walikuwa wameomba kufutiwa. Waliokubaliwa walikuwa 96.

Sikukosea kuandika. Tisini na sita. Daladala chache zingewabeba wote.

Wengine walikuwa wamekopa kwa aina ya mkopo isiyohusika, ingawa ulikuwa wa serikali. Wengine walilipa kila mwezi bila kukosa, ila kwa utaratibu wa malipo usiotambuliwa. Wengine fomu ya mwajiri ilikuwa na dosari. Kampuni zilizopewa kazi ya kukusanya marejesho hazikuwa na haraka ya kuwaeleza. Mtu kafundisha miaka 10 kwenye shule ya mtaa wa watu maskini, kumbe miezi yake yote haikuwa ikihesabiwa tangu siku ya kwanza. Ilibidi masharti yalegezwe mwaka 2021 na kurekebishwa tena baadaye, na kufikia Oktoba 2024 waliofutiwa walikuwa wamepita milioni 1. Sheria ya msingi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni jinsi daftari lilivyosomwa.

Sasa turudi nyumbani, ambako mjadala huu ulifanyika mapema, kwa sauti kubwa, na mbele ya Ikulu.

Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lilianzishwa Tanganyika mwaka 1963, na mwanzoni mtu alikwenda kwa hiari. Mwaka 1966 serikali ikapendekeza liwe la lazima kwa wasomi, kuanzia wahitimu wa kidato cha sita hadi wa chuo kikuu. Miaka miwili: miezi kama mitano kambini, na miezi 18 kazini kwa fani yako, lakini kwa asilimia 40 ya mshahara. Asilimia 60 inabaki kwa taifa. Kwa lugha ya leo tungesema mhitimu anarejesha gharama za masomo yake kwa makato ya miezi 18, huku amevaa kombati sehemu ya muda huo.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi karibu 400, wengi wao wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho ya chuo. Walibeba mabango, na moja lilidai kwamba enzi ya mkoloni ilikuwa afadhali. Ukitaka kumuudhi Mwalimu Nyerere mwaka 1966, miaka mitano tu baada ya uhuru, hukuhitaji bango la pili. Tamko lao lilisomwa mbele yake na mawaziri wake. Walisema, kwa maneno yao, kwamba miili yao ingekwenda JKT lakini roho zingebaki nje. Walisema pia kwamba wanaodai wasomi wajinyime wanaishi vizuri kuliko wasomi.

Mara nyingi kisa hiki kinasimuliwa kama hadithi ya vijana wabinafsi na baba mwenye hasira. Hasira ilikuwepo: wanafunzi walifukuzwa siku ileile, wakasindikizwa na polisi hadi makwao, na wengi walikaa huko miezi kadhaa kabla ya kuruhusiwa kurudi. Lakini ukikisoma kama ugomvi wa hesabu kinabadilika sura. Hoja ya Mwalimu aliishaitoa miaka miwili nyuma, kwa mfano wake wa kijiji chenye njaa: wanakijiji wanampa mtu mmoja chakula chote kilichobaki apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea msaada; akila asirudi, ni msaliti. Mwanafunzi ndiye aliyekula. Mkulima wa pamba na kahawa ndiye aliyelala njaa. Ni hesabu nzuri, na kweli elimu ya wale 400 ililipwa na watu ambao watoto wao wengi hawakufika hata darasa la nne.

Wanafunzi hawakukanusha deni. Walichouliza, chini ya kelele zote za majoho na mabango, ni mambo mawili ambayo mdaiwa yeyote ana haki ya kuuliza: deni ni kiasi gani hasa, na je, wadaiwa wengine mnawadai pia? Waziri naye amesomeshwa. Waziri naye analipwa na mkulima yuleyule. Swali la pili lilimgusa Mwalimu kuliko wengi tunavyokumbuka. Alikubali palepale kwamba mishahara ya wakubwa, wake ukiwemo, ilikuwa mikubwa mno kwa nchi maskini, akatangaza kupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Yaani aliwafukuza wadai na kulipa sehemu ya dai, siku moja. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, lenye masharti makali kwa viongozi. Sidai kwamba majoho yale ndiyo yaliyoleta Azimio. Nadai tu kwamba mara moja katika historia yetu daftari la utumishi lilifunguliwa pande zote mbili, na waliolazimisha lifunguliwe wakapewa nauli ya kwenda kwao.

Baada ya hapo daftari lilihamia kwa watu wadogo zaidi. Novemba 1974, kwa Azimio la Musoma, chama cha TANU kiliamua kwamba kijana asitoke kidato cha sita moja kwa moja kwenda chuo kikuu. Kwanza alitumikie taifa, afanye kazi, na apate barua ya kusifiwa tabia na bidii kutoka kwa mwajiri na kutoka tawi la chama. Ada haikuwepo, serikali ililipa kila kitu. Utumishi ulinunua nafasi yenyewe.

Baba yangu mdogo alimaliza mitihani ya kidato cha sita mwezi uleule. Alikwenda JKT, akatoka ameiva, akapata kazi ya karani kwenye ghala la korosho, akipima magunia na kuandika uzito. Kazi ya kuandika uzito wa jasho la wengine ilimfaa, anasema, kwa sababu la kwake halikuwa likiandikwa na mtu. Mwanzoni mwa 1977 alimwendea katibu wa tawi kuomba barua. Katibu alikuwa mtu mzuri ila hakuwa na haraka. Alimtuma mara mbili kutafuta karatasi ya kopi, mara moja kutafuta mafuta ya taa. Hatimaye barua ikaandikwa, nusu ukurasa, ikagongwa muhuri wa TANU. Alipofika nayo wilayani wakamrudisha. TANU ilikuwa imekwisha kuungana na Afro-Shirazi tarehe 5 Februari, kilichopo ni CCM, na muhuri wa chama kilichokufa hausifii mtu. Muhuri mpya haukuwa umefika tawini. Baba mdogo alingoja muhuri kwa majuma kadhaa kama mtu anavyongoja mvua za masika.

Chuoni alifika, alisoma, amestaafu salama, na hana kinyongo. Bado anaamini kijana akae kambini apate adabu. Nilipomuuliza ile miaka miwili ya korosho na kwata ilikuwa na thamani gani, alifikiri sana kisha akasema, "Mwanangu, ilikuwa na thamani ya muhuri."

Wakenya walipita njia yao. Huduma yao ya Vijana, NYS, ilianzishwa 1964, na mapatano yake yanaeleweka kirahisi: unapitia mafunzo ya gwaride, unakwenda kwenye kazi za ujenzi wa taifa, kisha unasomeshwa ufundi kwenye vyuo vya huduma hiyo. Kuanzia 1984 hadi 1990 waliokuwa wakisubiri kuingia vyuo vikuu nao walipelekwa Gilgil, na watu wa rika hilo hata leo wakikutana harusini mazungumzo yanaishia Gilgil. Miaka ya karibuni NYS imesikika zaidi kwa kashfa za zabuni. Mabwawa na barabara walizojenga vijana zinaonekana kwa macho. Mabilioni yaliyopotea yanahitaji jicho la mkaguzi.

Nchini Tanzania JKT ya lazima ilisitishwa 1994, ikarejeshwa 2013. Katikati ya miaka hiyo elimu ya juu ya bure ilikuwa imekufa. Sheria ya 2004 ilianzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi 2005, na neno moja likatawala Kiswahili cha chuo: bumu, yaani fedha za mkopo. Bumu limetoka, bumu limechelewa, nani kakosa bumu. Mhitimu mwenye ajira rasmi anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyowafanya watu walipe miaka na miaka huku deni likibaki palepale, iliondolewa 2021.

Tazama sasa vitu hivi viwili vilivyokaa jirani bila kusalimiana. Kijana anamaliza kidato cha sita, anapelekwa Ruvu, Mafinga, Makutupora au Oljoro kwa miezi mitatu kwa mujibu wa sheria. Anaamshwa usiku na afande, anakimbia mchakamchaka, analima bustani, anapewa jina la operesheni atakalojivunia maisha yake yote. Anarudi nyumbani, anafungua simu, anaomba mkopo. Miezi ile mitatu haimpunguzii deni hata shilingi. Tunaamini katika kulitumikia taifa na tunaamini katika kurejesha gharama za masomo, ila imani hizi mbili zimepewa wizara tofauti.

Na kuna kundi la tatu, ambalo halimo kwenye hotuba za kambini wala kwenye matangazo ya Bodi. Ni walimu wa kujitolea.

Mpwa wangu ni mmoja wao. Alisomea ualimu wa sayansi kwa mkopo, alihitimu, akatuma maombi ya ajira kila nafasi zilipotangazwa. Wakati anasubiri alikwenda shule ya sekondari ya kata, umbali wa bodaboda moja na mwendo wa miguu, akamwambia mkuu wa shule kwamba yuko tayari kufundisha fizikia. Mkuu wa shule hakuuliza maswali mengi, kwa sababu hakuwa na mwalimu wa fizikia hata mmoja. Huu ni mwaka wake wa tatu. Ana vipindi vingi kuliko baadhi ya walioajiriwa. Malipo yake ni nauli na posho kidogo kutokana na michango ya wazazi, mwezi ambao wazazi wamechanga. Mwezi ambao hawakuchanga anapewa mahindi ya shamba la shule, na shukrani.

Wakati huo deni halijitolei. Kwa sheria, miezi 24 baada ya kuhitimu anatakiwa aanze kurejesha, awe na ajira au asiwe nayo.

"Mjomba," aliniambia siku moja, "mimi nafundisha shule ya serikali, mtaala wa serikali, wanafunzi wa serikali. Nimeikopesha serikali miaka miwili na zaidi. Na bado mdaiwa ni mimi."

Nilimjibu kwa busara ya mjomba, maana yake nilinyamaza.

Sioni kitu cha ajabu katika kupendekeza kwamba mwezi wa mwalimu wa namna hii uhesabiwe kwenye deni lake. Mwezi mmoja darasani, kiasi fulani kinafutwa. Kiasi kiwe kidogo. Nimeshaonyesha kwamba hata Marekani tuzo haizidi dola 4 na ushee kwa saa. Kinachotakiwa ni kiandikwe, kijulikane kabla, na mwenye kuthibitisha asiwe mtu mmoja mwenye muhuri mmoja. Halmashauri inajua nani anafundisha wapi. Mkaguzi anajua. Wanafunzi wenyewe wanajua, na mtihani wa taifa unajua kuliko wote.

Wapo watakaosema walimu hewa watajaa. Watajaa, kama wafanyakazi hewa walivyowahi kujaa kwenye orodha ya mishahara yenye saini na mihuri yote, na hatukufuta mishahara kwa sababu hiyo. Wengine watasema kujitolea kukilipwa si kujitolea tena. Hoja hii huwa naisikia kutoka kwa watu wanaolipwa posho ya kikao. Hatari ninayoiogopa mimi ni ile ya wale 96: tuweke mpango mzuri, kisha masharti yake yafichwe kwenye ukurasa ambao mwalimu wa kijijini hatausoma, aje agundue mwaka wa sita kwamba shule yake haikuwa kwenye orodha. Na hatari nyingine ni ya kugeuza kujitolea kuwa njia ya serikali kupata walimu wa bei nafuu na kuacha kuajiri. Hiyo ya pili, kwa kweli, haihitaji mpango. Ipo tayari, bila hata ile bei nafuu.

Mwezi uliopita nilimsindikiza shuleni kwake, nilikuwa na safari ya upande huo. Saa moja kasoro robo asubuhi walimu walikuwa wakisaini daftari la mahudhurio kwenye meza ya mapokezi, counter book kubwa lenye jalada gumu, kona zimeliwa. Kurasa za mbele zimepigwa mistari kwa rula na wino wa bluu: namba, jina, cheo, saa ya kuingia, saa ya kutoka, saini. Mpwa wangu hakusaini hapo. Alilipindua daftari, akafungua ukurasa wa mwisho, ambako yalikuwepo majina manne bila safu ya cheo, akaandika saa yake ya kuingia na kutia saini. Majina yale manne yalikuwa kwa penseli.

Nilimuuliza mkuu wa shule kwa nini penseli. Alinijibu kwa upole, kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi. Wale wa kujitolea wanakuja na kuondoka, alisema. Ukiwaandika kwa wino unaharibu daftari.